Popo, Mpapindi na Karafuu: Mikataba ya Kimataifa Inavyogusa Urithi wa Kisiwa cha Pemba

Kisiwa cha Pemba kina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 980 na wakaazi 543,441 kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makaazi ya mwaka 2022. Ni kisiwa kidogo katika ramani ya dunia, lakini kina viumbe ambavyo havipatikani kwa asili mahali pengine popote, na kina zao ambalo jina lake limevuka bahari kwa karibu karne mbili. Kwa sababu hiyo, maamuzi yanayopitishwa katika mikutano ya kimataifa mjini Geneva, Nagoya au Montreal hufika hadi katika msitu wa Ngezi, kwenye madau ya wavuvi wa Mkondo wa Pemba na kwenye majamvi ya kuanikia karafuu.

Makala haya yanaeleza maeneo matatu ya sera ya kimataifa yanayokutana kisiwani humo: biashara ya viumbe pori, umiliki wa rasilimali za kijenetiki, na haki miliki ya majina na ubunifu. Maeneo hayo huzungumzwa na wataalamu tofauti na husimamiwa na taasisi tofauti. Kwa mkulima, mvuvi au mwanakikundi wa Pemba, hata hivyo, yote matatu yanahusu suala moja: nani ana haki juu ya kile kilichoota, kilichozaliwa au kilichoandaliwa kisiwani, na haki hiyo inathibitishwa kwa njia gani.

Kisiwa chenye viumbe vya pekee

Unguja na Mafia ziliwahi kuungana na bara katika zama ambazo kina cha bahari kilikuwa chini. Pemba haikuwa hivyo. Mkondo unaoitenganisha na bara una kina cha mamia ya mita, na kisiwa kimesimama peke yake kwa muda mrefu zaidi. Utengano huo ndio uliozalisha viumbe vya pekee: popo wa Pemba, pamoja na aina nne za ndege, yaani ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, kinengenenge wa Pemba na bundi mdogo wa Pemba.

Kwa upande wa mimea, mfano unaojulikana zaidi ni mpapindi, mti wa jamii ya minazi unaoota katika msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi mwa kisiwa, na katika mabaki mengine machache ya misitu ya asili. Msitu wa Ngezi wenyewe una zaidi ya hekta 1,400 na ni sehemu kubwa zaidi iliyobaki ya misitu iliyowahi kuenea kisiwani kabla ya ardhi kugeuzwa mashamba ya mikarafuu na mazao mengine.

Kiumbe kinachoishi katika kisiwa kimoja tu kina thamani kubwa na hatari kubwa kwa wakati mmoja. Kikitoweka Pemba, kimetoweka duniani, na hakuna nchi jirani inayoweza kukirejesha.

Mkataba wa biashara ya viumbe

Chombo kikuu cha kudhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe pori ni mkataba unaojulikana kwa kifupi CITES, uliotiwa saini mjini Washington tarehe 3 Machi, 1973 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai, 1975. Tanzania ilijiunga mwaka 1979. Leo mkataba huo una wanachama zaidi ya 180.

CITES huweka viumbe katika viambatisho vitatu. Kiambatisho cha Kwanza kina viumbe vilivyo katika hatari ya kutoweka. Biashara yake ya kimataifa hairuhusiwi isipokuwa katika mazingira ya pekee. Aina zote za kasa wa baharini zimo humo, wakiwemo kasa wa kawaida na ng'amba wanaotaga katika fukwe za Pemba na kisiwa cha Misali. Magamba ya ng'amba yaliuzwa kutoka mwambao huu tangu zama za kale. Yametajwa katika kitabu cha mabaharia wa Kiyunani cha karne ya kwanza, Periplus ya Bahari ya Eritrea. Biashara hiyo ya karne nyingi sasa imefungwa kisheria.

Kiambatisho cha Pili kina viumbe ambavyo vinaweza kuuzwa, lakini kwa kibali. Nchi inayosafirisha inatakiwa kuthibitisha mambo mawili: kwanza, kwamba kiumbe kilipatikana kihalali, pili, kwamba uvunaji wake hauhatarishi uhai wa aina hiyo porini au baharini. Uthibitisho wa pili hutolewa na mamlaka ya kisayansi ya nchi husika, nao huhitaji takwimu. Kiambatisho cha Tatu ni cha viumbe ambavyo nchi moja mwanachama imeomba wenzake waisaidie kuvidhibiti.

Mfano wa majongoo bahari

Kwa wavuvi wa Pemba, mabadiliko ya karibuni yenye uzito mkubwa ni yale ya majongoo bahari. Bidhaa hii hailiwi sana na wenyeji. Huchemshwa, hukaushwa na kusafirishwa kwenda masoko ya Asia ya Mashariki, ambako huuzwa kwa bei ya juu. Wazamiaji wengi wa mwambao wanajua kwamba aina zenye thamani, kama vile pauni, sasa hupatikana katika kina kirefu zaidi kuliko zamani.

Mwaka 2019 mkutano wa wanachama wa CITES uliofanyika Geneva uliziingiza aina tatu za kundi hilo katika Kiambatisho cha Pili, na uamuzi ukaanza kutumika tarehe 28 Agosti, 2020. Mkutano wa Panama wa mwaka 2022 uliongeza aina nyingine tatu za jamii ya Thelenota. Uamuzi huo haukupiga marufuku uvuvi wala uuzaji wa ndani. Ulichofanya ni kuweka sharti: mzigo wa aina zilizoorodheshwa hauwezi kuvuka mpaka bila kibali, na kibali hakiwezi kutolewa bila ushahidi kwamba bahari bado inaweza kuhimili uvunaji.

Ushahidi huo hauanzii ofisini. Unaanzia kwenye diko, pale anayepokea samaki anapoandika aina, uzito, mahali palipovuliwa na tarehe. Pasipokuwa na kumbukumbu hizo, mamlaka ya kisayansi haina cha kupima, na nchi hulazimika ama kusimamisha biashara yote ama kutoa kibali bila msingi. Njia ya kwanza inamnyima mvuvi kipato cha leo. Ya pili inamnyima kipato cha kesho. Ufugaji wa majongoo mchanga katika mazizi ya pwani, unaoendelea kukua Zanzibar, ni njia mojawapo ya kupunguza shinikizo kwa yale ya porini, kwa kuwa aina hiyo huzalishwa katika vitotoleshi.

Popo wa Pemba: mkataba na kijiji

Popo wa Pemba ni miongoni mwa popo wakubwa wa matunda, na mabawa yake yaliyokunjuliwa hufikia takriban mita moja na nusu. Hula matunda, maua na majani, huchavusha miti na kusambaza mbegu. Jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Kwa hiyo, idadi ikishashuka, huchukua muda mrefu kurudi.

Jamii nzima ya popo hawa wa matunda iliingizwa katika viambatisho vya CITES mwishoni mwa miaka ya 1980. Sababu kubwa ilikuwa biashara ya nyama ya popo katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki, hususan Guam, ambako popo wa asili walikuwa wamemalizwa na wafanyabiashara wakaanza kuagiza kutoka visiwa vingine. Popo wa Pemba, ingawa hakuwa sehemu ya biashara hiyo, aliwekwa katika Kiambatisho cha Pili pamoja na wenzake.

Hata hivyo, tishio la Pemba halikuwa soko la nje. Popo waliwindwa kwa bunduki na kuliwa hapo hapo kisiwani, huku miti mikubwa wanayolala ikikatwa. Mkataba unaodhibiti mipaka ya nchi hauna nguvu juu ya nyama isiyovuka mpaka. Mwaka 1989 watafiti walihesabu popo wachache sana, na mwaka 1996 aina hiyo iliwekwa katika daraja la juu kabisa la hatari ya kutoweka katika orodha ya kimataifa ya uhifadhi.

Kilichobadilisha hali ni kazi iliyofanywa vijijini kuanzia katikati ya miaka ya 1990, kwa ushirikiano wa idara ya misitu ya Zanzibar na shirika la uhifadhi la Fauna & Flora International. Vikundi vya wanakijiji viliundwa kulinda makundi ya popo, elimu ilitolewa maskulini, na uwindaji wa bunduki ukadhibitiwa. Kidike, kaskazini mwa mji wa Chake Chake, ni mahali panapojulikana zaidi: wanakijiji wanalinda miti ya popo, wageni hulipa ada kuja kuwaona, na fedha hizo hubaki kwa jamii. Idadi ambayo ilikuwa maelfu machache katikati ya miaka ya 1990 ilikadiriwa kufikia karibu 20,000 kiasi cha muongo mmoja baadaye.

Mfano huu unaeleza mipaka ya sera ya kimataifa. Mkataba ulifunga mlango wa nje kabla soko halijaanza. Mlango wa ndani ulifungwa na watu wa Pemba wenyewe, baada ya popo aliye hai kuwa na manufaa kwao.

Mpapindi na suala la rasilimali za kijenetiki

Mpapindi una historia tofauti. Mti huu wa Pemba, wenye mashina membamba ya kijani na matunda mekundu, unapendeza, na leo hupandwa kama pambo katika bustani za nchi za joto, ikiwemo Florida nchini Marekani. Mbegu na miche yake huuzwa na wafanyabiashara wa mimea walio mbali kabisa na Ngezi. Jina la kisayansi la mti huo bado linataja Pemba, lakini mauzo hayo hayana uhusiano wowote na kisiwa.

Hali hiyo si ya Pemba peke yake. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani, alipeleka Ulaya ua dogo la zambarau kutoka Usambara. Ua hilo lilipewa jina lake, likazalishwa kwa maelfu ya aina, na likawa moja ya maua ya ndani yanayouzwa zaidi duniani. Tanzania haikupata mgawo, kwa sababu wakati huo viumbe vilihesabiwa kuwa mali ya yeyote anayevichukua.

Msimamo huo ulibadilishwa na Mkataba wa Bioanuwai, uliofunguliwa kwa saini mjini Rio de Janeiro mwezi Juni, 1992 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 1996. Mkataba huo unatamka kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya rasilimali zake za kibaiolojia. Anayetaka kuzitumia kwa utafiti au biashara anatakiwa kupata idhini ya nchi husika kabla ya kuzichukua, na kukubaliana nayo jinsi ya kugawana manufaa. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa tarehe 29 Oktoba, 2010 na kuanza kutumika tarehe 12 Oktoba, 2014, iliweka utaratibu wa kutekeleza jambo hilo na kuhusisha pia maarifa ya asili ya jamii.

Kanuni hizo kwa kawaida hazirudi nyuma. Kilichoondoka kabla ya mkataba hakidaiwi kwa urahisi. Ndiyo maana thamani yake kubwa iko katika yale ambayo bado hayajachukuliwa: mimea ya dawa ya misitu ya Pemba, mwani na viumbe vya bahari, mbegu za asili za mpunga na muhogo, na ujuzi wa waganga na wakulima unaoonyesha matumizi yake.

Hataza na maarifa ya asili

Hataza ni haki ya muda, kwa kawaida miaka 20, anayopewa mvumbuzi ili wengine wasitumie uvumbuzi wake bila ruhusa. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki miliki, unaojulikana kwa kifupi TRIPS na ulioanza kutumika tarehe 1 Januari, 1995, unaruhusu nchi kutotoa hataza kwa mimea na wanyama, lakini unazitaka zitoe namna fulani ya ulinzi kwa aina mpya za mimea.

Kwa miongo mingi, mwombaji wa hataza hakulazimika na sheria ya kimataifa ya haki miliki kutaja dawa yake ilitokana na mmea wa nchi gani au ujuzi wa jamii ipi. Tarehe 24 Mei, 2024 nchi wanachama wa Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, zilipitisha mjini Geneva mkataba unaomtaka mwombaji kutaja asili ya rasilimali na maarifa hayo. Mkataba huo unahitaji kuridhiwa na nchi 15 ili uanze kutumika, na ulikuja baada ya majadiliano ya karibu robo karne.

Kuna tahadhari moja ambayo jamii zinapaswa kuielewa. Maarifa yakiandikwa na kutangazwa hadharani, mtu mwingine hawezi kwa halali kudai kwamba ameyavumbua, lakini yanakuwa wazi kwa wote. Yakibaki kuwa siri, yanaweza kuchukuliwa bila ushahidi wa mwenyewe. Kwa hiyo kumbukumbu za maarifa ya asili huhitaji utaratibu: nani anaandika, nani anahifadhi, na nani anaruhusiwa kusoma.

Kwa upande wa mbegu, Zanzibar ilitunga sheria yake ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea mwaka 2014, na mwaka uliofuata Tanzania ikajiunga na umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, UPOV. Mfumo huo humpa haki anayezalisha aina mpya iliyo tofauti na inayofanana kizazi hadi kizazi. Mbegu za asili za mkulima, ambazo hubadilika kidogo kila msimu, kwa kawaida hazitimizi sharti hilo. Hapo ndipo ulipo mjadala mkubwa kati ya maslahi ya watafiti na desturi ya wakulima ya kuhifadhi na kupeana mbegu.

Karafuu: jina kama mali

Mkarafuu si mti wa asili wa Pemba. Asili yake ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo, ambako Waholanzi walijaribu kuhodhi biashara yake kwa kung'oa miti iliyokuwa nje ya maeneo waliyoyadhibiti. Kiasi cha mwaka 1770, Mfaransa Pierre Poivre alifanikisha kutoroshwa kwa miche hadi kisiwa cha Mauritius. Kutoka katika visiwa hivyo vya Kifaransa, mikarafuu ilifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19 na kuenezwa katika utawala wa Sayyid Said bin Sultan. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba, ambayo haikuathirika sana, ikawa ndiyo shamba kuu.

Kwa kanuni za leo, safari ya miche ile ingehitaji idhini na mkataba wa kugawana manufaa. Pemba haiwezi kudai kwamba mti ni wake. Inachoweza kudai ni kile kilichojengwa juu ya mti huo kwa karibu karne mbili: udongo, hali ya hewa, uchumaji wa mkono kabla ua halijachanua, uanikaji juani juu ya majamvi, uchambuaji wa makonyo, na sifa ya ubora iliyotokana na kazi hiyo. Sheria ya haki miliki ina jina kwa kitu hicho: kiashiria cha kijiografia.

Kiashiria cha kijiografia ni jina la mahali linalotambulisha bidhaa ambayo ubora au sifa yake inatokana na mahali hapo. Tofauti na alama ya biashara, hakimilikiwi na kampuni moja. Hutumiwa na wazalishaji wote wa eneo husika wanaotimiza masharti ya ubora. Mifano barani Afrika ni pilipili ya Penja ya Cameroon na majani ya rooibos ya Afrika Kusini. Ethiopia ilitumia njia nyingine: ilisajili majina ya kahawa zake kama alama za biashara, na mwaka 2007 ikafikia makubaliano na kampuni ya Starbucks baada ya mvutano uliofuatiliwa kote duniani.

TRIPS inalinda viashiria vyote vya kijiografia, lakini kwa viwango viwili. Mvinyo na pombe kali zina ulinzi wa juu. Bidhaa nyingine, zikiwemo karafuu, hulindwa pale inapothibitika kwamba mnunuzi anapotoshwa. Zaidi ya hayo, hakuna nchi inayolazimika kulinda jina ambalo halijalindwa katika nchi ya asili. Hatua ya kwanza, kwa hiyo, ni ya nyumbani.

Haki miliki si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria ya Mali za Viwanda Namba 4 ya mwaka 2008, ambayo inatambua viashiria vya kijiografia, na usajili wake husimamiwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar. Usajili wa namna hiyo huhitaji majibu ya wazi: mipaka ya eneo ni ipi, ubora unapimwaje, nani anakagua, na gunia linafuatiliwaje kutoka shambani hadi bandarini. Hapa magendo ya karafuu yanaonekana kwa sura yake nyingine. Gunia linalovushwa usiku kwenda ng'ambo halipotezi mapato ya taifa pekee. Linapoteza pia asili yake, kwa kuwa huingia sokoni kwa jina la mahali pengine au huchanganywa na karafuu duni zinazouzwa kwa jina la Zanzibar.

Mambo ya kuzingatia

Mikataba iliyoelezwa hapa inaendelea kupanuka. Mkutano wa Montreal wa Disemba, 2022 uliweka lengo la kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo mwaka 2030, na pia ukazungumzia mgawanyo wa manufaa ya rasilimali za kijenetiki. Kwa Pemba, mambo manne yanastahili kuzingatiwa.

Kwanza, mvuvi na mnunuzi wa bidhaa za bahari wajue aina zilizoorodheshwa na CITES, na waweke kumbukumbu za uvuvi kabla ya kuomba kibali cha kusafirisha. Pili, jamii inayofikiwa na mtafiti au mnunuzi wa mimea, mbegu au viumbe hai iulize kibali chake cha mamlaka husika kabla ya kutoa sampuli au maelezo. Tatu, vikundi vya wazalishaji wa karafuu, viungo na bidhaa nyingine za asili vijielimishe kuhusu usajili wa alama na viashiria vya kijiografia, kwa kuwa jina lisilosajiliwa nyumbani ni vigumu kulitetea ng'ambo. Nne, hesabu za viumbe vya pekee, kama ile iliyofanyika kwa popo, ziendelee na zienee kwa ndege na mimea, ukiwemo mpapindi.

Katika kila eneo kati ya hayo, sheria ya kimataifa inatoa haki, lakini haki hiyo humfikia anayeweza kuonyesha kilichopo, kilipotoka na kiasi chake. Popo wa Pemba walihesabiwa wakiwa wachache, na hesabu hiyo ikawa msingi wa kuwalinda. Mbegu za mpapindi zilifika ng'ambo, na mauzo yake hayana mgawo wowote kwa kisiwa zilikotoka.